Tabora: Bandari ya bara isiyokuwa na bahari

MJI wa Tabora hauna bahari, hauna ziwa wala mto mkubwa. Umejengwa katika uwanda wa juu wa magharibi mwa Tanzania, kwenye kimo cha takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ukiwa umezungukwa na misitu ya miyombo na vilima vya mawe. Hata hivyo, kwa miongo mingi ya karne ya 19 mji huu ulifanya kazi zote zinazofanywa na mji wa bandari.

Bidhaa zilishushwa hapo, zikahesabiwa, zikafungwa upya na kupewa wachukuzi wengine. Wageni wa lugha na dini mbalimbali walikutana hapo, wakakopeshana, wakaoana, wakagombana na kuzikana. Ushuru ulidaiwa hapo, na vita vilipiganwa kwa sababu ya ushuru huo. Kwa muda mfupi katika mwaka 1916, Tabora ilikuwa hata makao makuu ya serikali ya koloni zima.

Tabia hiyo ya kibandari ndiyo ufunguo wa kuuelewa mji huu. Tabora ilistawi kila wakati safari ilipolazimika kusimama ndani yake, na ilififia kila wakati ilipogeuzwa kuwa mahali pa kupita tu. Jambo hilo lina uzito wa pekee leo, kwa kuwa reli mpya ya kisasa imepangwa kupita katika njia ileile ya zamani.

Asili ya jina na ya mji

Tabora imo katika nchi ya Unyanyembe, mojawapo ya himaya za Wanyamwezi zilizotawaliwa na watemi. Jina la Wanyamwezi lenyewe huelezwa kuwa lilitoka kwa watu wa pwani, waliowaita hivyo wenyeji wa magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana kwa mara ya kwanza. Wenyewe kwa wenyewe walizoea kutajana kwa pande za dunia: Wasukuma wakiwa watu wa kaskazini na Wadakama watu wa kusini.

Kuhusu jina la Tabora, simulizi inayosikika zaidi mjini hapo inalihusisha na neno matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa vipande na kukaushwa juani. Chakula hicho hakiharibiki upesi na ni chepesi kubeba, hivyo kiliwafaa sana watu wa safari. Iwapo simulizi hiyo ni sahihi, mji huu ni miongoni mwa miji michache iliyopewa jina la masurufu ya njiani.

Wafanyabiashara wa kutoka pwani walianza kuweka makazi Unyanyembe kuanzia miaka ya 1830 na 1840. Kituo chao kilichofahamika zaidi kilikuwa Kazeh, jina ambalo hadi leo linatajwa Tabora. Waliotangulia hawakuwa Waarabu wa Oman peke yao. Miongoni mwa waasisi wa makazi hayo alikuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi kutoka Surat, ambaye wageni wengi wa miaka ya 1850 walimtaja kwa utajiri na ukarimu wake.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe aliwapokea wageni hao, na uhusiano wa kibiashara ukageuka haraka kuwa uhusiano wa kindoa. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi huyo. Tippu Tip mwenyewe alipita mara nyingi Tabora kabla ya kuanzisha himaya yake ya biashara katika Kongo ya mashariki, na aliacha maandishi ya Kiswahili kuhusu maisha yake.

Kwa nini misafara ilisimama

Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Ukami, Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo, kisha ukakata pori la Mgunda Mkali kabla ya kuingia Unyamwezi. Richard Burton na John Hanning Speke walioondoka pwani Juni 1857 waliwasili Kazeh Novemba 7 mwaka huo, yaani baada ya zaidi ya miezi minne ya safari.

Kufika Unyanyembe kulikuwa na maana mbili. Kwanza, hapo ndipo njia zilipogawanyika. Njia moja ilielekea magharibi kupitia Uvinza na mto Malagarasi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ya pili ilipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Ya tatu ilishuka kusini-magharibi kuelekea Ufipa na nchi ya shaba ya Katanga.

Pili, na hili lilikuwa muhimu zaidi, wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Unyamwezi ndiko kulikokuwa nyumbani kwao. Walipofika walitua mizigo, wakapokea ujira wao na kutawanyika vijijini kwa ajili ya kilimo. Mfanyabiashara aliyetaka kuendelea mbele hakuwa na budi kusubiri, kukodi nyumba, kununua chakula na kutafuta wapagazi wapya. Hakuna aliyepita Tabora bila kuacha kitu.

Kwa sababu hiyo kulizuka huduma zote za mji wa bandari. Palikuwa na maghala, wakopeshaji, mafundi wa kutengeneza bunduki, wafumaji, masoko ya nafaka na watu waliojua bei ya pembe za ndovu Unguja kwa msimu huo. Nyumba zilizojengwa zilikuwa tembe, zenye kuta nene za udongo na paa bapa, zikiwa na baraza mbele na ua ndani. Waliotoka pwani walipanda minazi, mitende, mipapai na miembe, wakalima mpunga na ngano katika mabonde, nao wenyeji wakaendelea na mtama, mahindi na viazi. Hadi leo Tabora inasifika kwa miembe yake.

Mizigo na mabega

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa na uzito wa frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi, mbali na jembe au silaha, mkeka na sufuria yake mwenyewe. Kwenda bara alibeba vitambaa, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Kurudi pwani alibeba pembe. Pembe kubwa mno kwa mtu mmoja zilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili kwa mtindo wa mzega.

Kitambaa kilichotawala soko kilikuwa merikani, pamba nyeupe ngumu iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za bandari ya Salem, hasa baada ya Marekani na Sayyid Said kutiliana saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Pembe nazo zilisafiri njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Sehemu yake ilikwenda India kutengenezwa bangili, na sehemu ikaenda London na Connecticut kuwa vidude vya kubonyeza vya piano na mipira ya biliadi. Kwa njia hiyo, bei iliyokubaliwa kwenye baraza la tembe mjini Tabora ilikuwa na uhusiano na sebule za Ulaya ambazo wenyeji wake hawakupata kulisikia jina la Unyanyembe.

Wanyamwezi hawakuwa wachukuzi tu. Kabla ya wageni wa pwani kuzoea bara, misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikuwa tayari ikishuka pwani kuuza pembe, na ndani ya bara ilibadilishana chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma. Msiri, aliyejenga himaya ya Garenganze huko Katanga na kuitawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, asili yake ilikuwa katika jamii hiyo ya wafanyabiashara wa Unyamwezi. Wafuasi wake ndio chimbuko la watu wanaoitwa Wayeke nchini Kongo.

Kazi ya upagazi ilikuwa na utaratibu na heshima yake. Kirangozi alitangulia mbele akiwa na bendera, ngoma ikapigwa asubuhi, na ujira na posho vilijadiliwa kabla ya safari. Wapagazi walioona wameonewa waligoma au walitua mizigo na kuondoka. Miongoni mwa vijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi salama kulihesabiwa kuwa sehemu ya kukua. Aidha, wanawake wengi walisafiri na misafara, wengine wakibeba mizigo na kupika, huku waliobaki wakilima mashamba yaliyolisha wageni.

Upande wa kiza

Historia ya Tabora haiwezi kuelezwa kwa pembe na vitambaa peke yake. Njia ile ile ilipitisha watumwa waliokamatwa au kununuliwa kutoka Manyema, kando ya Ziwa Tanganyika na kwingineko, na Tabora ilikuwa mojawapo ya masoko yao.

Wengi wao hawakufika pwani. Walibakizwa Unyamwezi kulima mashamba ya wafanyabiashara, ya watemi na hata ya wapagazi waliofanikiwa, ambao wenyewe walikuwa safarini kwa miezi mingi. Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini, lakini haukugusa utumwa wa bara. Wajerumani walipoingia, Tabora ilikuwa miongoni mwa wilaya zenye watumwa wengi zaidi katika koloni lao. Sheria ya kuukomesha kabisa utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922, wakati wa utawala wa Waingereza.

Wajukuu wa watu hao, wakiwamo wengi wenye asili ya Manyema, ni sehemu ya wakazi wa Tabora na Ujiji. Jamii hizo ndizo zilizosaidia kuifanya Tabora kuwa mji wa Kiswahili na wa Kiislamu katikati ya bara, na zikatoa baadhi ya wanaharakati wa mwanzo wa siasa za mijini.

Vita vya ushuru

Mji unaoishi kwa kupitisha bidhaa hukabiliwa siku zote na swali moja: nani ana haki ya kutoza? Tabora ilijibu swali hilo kwa bunduki mara tatu katika kipindi cha miaka 35.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya kifo cha Fundikira, mwishoni mwa miaka ya 1850. Mrithi wake, Mnywa Sere, alitaka wafanyabiashara wa pwani walipe ushuru wa bidhaa kama walivyolipa wengine. Walikataa, wakamwondoa kwa nguvu na kumweka Mkasiwa aliyekuwa rafiki yao. Mnywa Sere aliendesha vita vya msituni kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Speke, aliporudi Kazeh na James Grant mwaka 1861, alikuta biashara imesimama kwa sababu ya vita hivyo.

Mara ya pili alijitokeza Mirambo, mtemi wa Uyowa aliyejenga makao yake Urambo, magharibi ya Tabora. Akiwa na askari wake walioitwa rugaruga, Mirambo aliifunga njia ya Ujiji mwaka 1871. Henry Morton Stanley, aliyekuwa ameingia Unyanyembe Juni mwaka huo akimtafuta David Livingstone, alijiunga na Waarabu kumshambulia, na jeshi lao likashindwa vibaya. Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora, akachoma sehemu ya mji na kuua watu kadhaa mashuhuri, akiwamo mfanyabiashara Khamis bin Abdullah.

Mapigano yaliendelea hadi mwaka 1876, na kila njia ilipofungwa, athari zilionekana katika biashara ya pembe Unguja. Mirambo hakupinga biashara. Alichotaka ni kwamba njia ipite katika himaya yake na faida ibaki bara. Alifariki Desemba 1884, na dola aliyoijenga haikudumu baada yake. Jina lake, ambalo Wanyamwezi hulitamka Milambo, limebaki Tabora katika kambi ya jeshi na shule ya sekondari.

Mara ya tatu ilikuwa zamu ya Isike, mtemi wa Unyanyembe baada ya Mkasiwa. Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890, lakini Isike hakuikubali. Alikuwa na ngome imara na aliyarudisha nyuma mashambulizi ya mwaka 1892. Januari 1893 kikosi cha Luteni Tom von Prince kilivunja ngome hiyo. Isike, alipoona hakuna njia ya kutoka, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani na familia yake. Kifo hicho ndicho kilichofunga ukurasa wa Unyanyembe huru.

Wageni wa Kwihara

Umbali wa kilomita chache kutoka katikati ya mji lipo tembe la Kwihara, ambalo limehifadhiwa kuwa makumbusho. Baada ya Stanley kumkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, wawili hao walirejea pamoja hadi Kwihara Februari 1872. Stanley aliondoka kuelekea pwani Machi 14, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti 25 mwaka huo, alipoanza safari yake ya mwisho.

Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Unyanyembe, walikofika Oktoba. Hapo walikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili huko huko. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey, London, Aprili 18 mwaka huo.

Makumbusho ya Kwihara hujulikana zaidi kwa jina la mgeni aliyekaa hapo miezi sita. Lakini safari hiyo ya mwili, iliyotimizwa na watu waliojua njia, bei ya chakula na namna ya kupita katika nchi za watemi, ni ushahidi wa elimu ya njia ambayo Tabora ilikuwa kitovu chake. Njia hiyo ya kati ya biashara ya pembe na watumwa, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji na Kwihara ikiwamo, iliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia.

Reli yaja, wapagazi waondoka

Mwanzoni mwa karne ya 20 Tabora ilikadiriwa kuwa na watu zaidi ya 30,000, na ilihesabiwa kuwa mji mkubwa kuliko yote katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Wajerumani walijenga boma kilimani na, baadaye, hoteli ya reli ambayo bado inapokea wageni.

Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Treni moja ilifanya kwa siku chache kazi ya mabega ya maelfu kwa miezi mitatu. Kwa mfanyabiashara ilikuwa neema. Kwa mji ulioishi kwa kusimamisha safari, ilikuwa habari ya namna nyingine. Mizigo haikuwa na haja tena ya kushushwa na kufungwa upya, na mpagazi aliyekuwa na sauti katika kupanga ujira wake alikosa kazi. Vijana wengi wa Kinyamwezi waliishia kuwa vibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliupa mji heshima ya muda. Majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakisonga mbele kutoka kaskazini, serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilihamishia makao yake Tabora. Kwa kukosa fedha kutoka Ulaya, Wajerumani waligeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha kutengeneza sarafu. Kutokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke walitoa mwaka 1916 sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo ni hazina kwa wakusanyaji wa sarafu duniani.

Heshima hiyo haikudumu. Septemba 19, 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliuteka mji baada ya mapigano ya siku kadhaa. Tombeur alipewa baadaye cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora, na katikati ya Brussels ipo barabara inayoitwa Rue de Tabora. Wengi wanaoipita hawafahamu kwamba wanatembea juu ya jina la mji wa Wanyamwezi, wala kwamba ushindi huo uliwezekana kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, ambao wengi wao walikufa njiani kwa maradhi na uchovu.

Waingereza walipochukua nchi, Tabora iliendelea kuwa njiapanda ya reli. Tawi la Mwanza lilifunguliwa mwaka 1928, na baadaye la Mpanda kupitia Kaliua. Hata hivyo, mji haukurudi katika ukubwa wake wa zamani kwa muda mrefu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 21,000 tu mjini, ingawa mipaka iliyotumika haikuwa ile ya enzi za Wajerumani. Dar es Salaam, Mwanza na miji mingine ilikuwa imeipita.

Bandari ya fikra

Kile ambacho Tabora ilipoteza katika biashara ilikipata kwa kiasi fulani katika elimu. Wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers walifika mwaka 1878, na seminari ya Kipalapala, iliyo jirani na mji, imekuwa ikilea mapadri wa sehemu nyingi za nchi tangu mwaka 1925. Mwaka huo huo serikali ya Kiingereza ilianzisha Shule ya Serikali ya Tabora, kwa kuanzia ikiwalenga watoto wa watemi na machifu.

Julius Nyerere alisoma katika shule hiyo kati ya mwaka 1937 na 1942. Baada ya kutoka Chuo cha Makerere alirudi Tabora kufundisha katika Shule ya St. Mary's, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Rashidi Kawawa naye alipitia Shule ya Tabora. Watoto waliotoka pande zote za Tanganyika walikutana humo kama mizigo ya misafara ilivyokuwa ikikutana zamani, na walipoondoka walikuwa na lugha moja na marafiki wa makabila mengine.

Kilele cha historia hiyo ni mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958. Chama kilikabiliwa na uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, huku haki ya kupiga kura ikifungwa kwa masharti ya kipato na elimu. Wajumbe wengi walikuja wakitaka uchaguzi huo ususiwe.

Nyerere aliwashawishi wakubali kuingia, kwa hoja kwamba kususia kungewaachia wapinzani viti vyote. Zuberi Mtemvu hakukubaliana naye, akajitoa na kuunda chama cha African National Congress. Katika chaguzi za mwaka 1958 na 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda viti vyote vilivyogombewa. Maamuzi yale yanakumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara, na chini ya miaka minne baadaye, Desemba 9, 1961, Tanganyika ilikuwa huru.

Maneno yaliyobaki

Urithi mpana zaidi wa njia ya misafara haumo katika majengo. Umo katika lugha. Kiswahili kilifika Ujiji, Manyema na Katanga kwa vinywa vya watu wa misafara miaka mingi kabla ya kuwapo shule ya serikali au redio, na Tabora ilikuwa kituo chake kikuu cha bara.

Maneno kadhaa ya kila siku yanabeba kumbukumbu hiyo. Posho, ambayo leo hutajwa katika semina na vikao, ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi. Hongo ilikuwa ushuru halali aliolipwa mtemi ili msafara upite, kabla ya neno hilo kuharibika na kuwa na maana ya rushwa. Safari nayo imesambaa hadi katika lugha za Ulaya. Hata utani kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani, hususan Wazaramo, huelezwa kuwa ulikomaa katika miaka hiyo ya kutegemeana njiani, ambapo mgeni aliyefiwa au kuugua alihitaji mtani wa kumsitiri.

Mtu anayetembea Tabora huona pia alama hizo katika majina. Mojawapo ya kata za manispaa inaitwa Ng'ambo, jina ambalo Unguja na kwingineko pwani humaanisha upande wa pili wa maji. Tabora haina maji ya kuvuka, lakini ina Ng'ambo yake.

Njia mpya, swali la zamani

Sensa ya mwaka 2012 iliipa Manispaa ya Tabora watu 226,999, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha wamevuka 300,000. Mkoa kwa jumla ulikuwa na watu 3,391,679 katika sensa hiyo ya mwisho. Uchumi wake unategemea tumbaku, asali, mpunga, karanga na mifugo. Asali ya miyombo ndiyo fahari ya mkoa, lakini misitu inayoilisha ndiyo hiyo hiyo inayokatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku.

Katika miaka ya karibuni mji umeunganishwa kwa lami na Nzega, Manyoni na Mpanda, na maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa kwa bomba. Chuo cha reli kipo mjini. Mikataba ya kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ilisainiwa mwaka 2021, na ya kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma mwaka 2022. Reli hiyo ikikamilika, Tabora itakuwa tena mahali ambapo njia ya ziwa moja inaachana na ya ziwa jingine.

Hata hivyo, historia ya mji inatoa tahadhari. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita Nzega na Kahama bila kuingia Tabora, na bandari kavu inayohudumia nchi jirani ipo Isaka, katika mkoa wa Shinyanga. Kuwa njiapanda si sawa na kuwa soko. Reli ya mwaka 1912 ilipita mjini, na bado mji ukapungua.

Enzi za misafara, aliyefika Unyanyembe alisimama kwa sababu kulikuwa na chakula cha kumlisha, mafundi wa kumhudumia, wakopeshaji wa kumwamini na watu wenye ujuzi wa njia ambao hakuweza kuendelea bila wao. Ikiwa Tabora itachakata asali na mazao yake hapo hapo, ikahifadhi tembe na simulizi zake na kufundisha mafundi wa reli inayokuja, treni zitakuwa na sababu ya kusimama. Vinginevyo abiria wataiona dirishani kwa dakika chache, kisha watalala hadi Kigoma.